Panga la Shambani: Tazama Msuka Kabla ya Urefu

Mkulima akiingia duka la zana mjini Kakamega au Kitale, au akipita kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, jicho lake hukimbilia panga refu linalong'aa. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana amelitundika mbele. Mimi nakushauri uanze na upande wa nyuma. Shika mpini, ugeuze, uangalie chuma kilivyoingia ndani yake. Mapanga mengi yanayotupwa bado yana chuma cha kutosha. Kilichoharibika ni pale bapa linapokutana na mpini.

Sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini ndiyo msuka. Msuka mzuri huenda mpaka mwisho wa mpini, ukaonekana juu na chini kati ya vipande viwili vya mbao, na kushikwa kwa ribiti tatu au zaidi. Msuka mfupi uliochomekwa tu kwenye mti utaanza kucheza ukikata vichaka kwa wiki chache, na siku moja utachomoka ukiwa umeinua mkono. Lishike panga kwa bapa, ugongegonge mpini kwenye meza ya muuzaji. Ukisikia chuma kinalia ndani kama kimelegea, lirudishe. Pitisha kidole juu ya vichwa vya ribiti: vikichomoza vitakutoa malengelenge kabla ya saa sita. Kwa mpini wa mbao, nyuzi za mti ziende sambamba na urefu wake, kwa sababu nyuzi zikikata upande, mpini nao utapasuka hapo hapo. Mpini wa plastiki hauozi wala hauliwi na mchwa, ila unakuficha msuka, na mkono ukilowa jasho huteleza. Wengi huuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, na kwa kweli hiyo ni dawa nzuri. Ukikuta panga jipya dukani tayari limezungushiwa tepu nyeusi, mwambie muuzaji aifungue kwanza.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye chuma. Panga halihitaji ugumu wa wembe. Linagonga mawe, linakwama kwenye visiki, linapindwa upande, kwa hiyo linahitaji chuma kigumu kiasi kinachokubali kunyumbulika na kurudi. Weka ncha kwenye ubao, ulisukume lipinde kidogo, kisha uachilie. Likibaki limepinda, chuma ni laini mno. Kama muuzaji anakubali, pitisha tupa mara moja kwenye kona ya makali karibu na mpini. Tupa inapaswa kula chuma kwa taabu kidogo. Ikiteleza bila kushika, makali yatamegeka ukigonga jiwe la kwanza. Ikila kama inakwangua sabuni, utakuwa unanoa kila baada ya mistari miwili ya miwa.

Chuma kisichoshika kutu kinavutia, hasa kwa anayeishi karibu na ziwa ambako unyevu hauishi. Jikoni nakikubali. Shambani naona chuma cha kawaida chenye kaboni ni bora: kitashika kutu usipokitunza, lakini kinanoleka kwa tupa ukiwa umekaa juu ya gogo, na bei yake haikuumizi.

Mapanga ya jua kali yanayofuliwa kutoka springi za lori yana sifa, na sifa hiyo ina sababu. Chuma cha springi kimetengenezwa kibebe mzigo na kurudi. Lakini sifa ni ya chuma. Kazi ya moto ni ya fundi. Fundi anayelichovya panga likiwa jekundu kwenye maji au mafuta, akaliacha hivyo hivyo, anakuuzia kitu kinachovunjika kama sahani. Anayelirudisha kwenye moto wa polepole baada ya kulichovya, hadi ugumu ule upungue, ndiye wa kumpa pesa. Muulize tu anafanyaje. Fundi anayejua kazi yake atakueleza kwa furaha mpaka uchoke.

Urefu sasa. Hapa kwetu tunanunua kwa inchi, na kwa shamba mchanganyiko la Bungoma, Vihiga au Nakuru, bapa la inchi 16 hadi 18, yaani kama sentimita 40 hadi 46, linatosha kwa karibu kila kazi. Simama wima, mkono ukining'inia na panga mkononi: ncha isiguse ardhi. Unene wa milimita 2 hivi unapita kwenye nyasi ya napia na mabua ya mahindi bila kukuchosha. Ukizidi 3, umenunua shoka lisilokuwa na kichwa. Anayekata ua wa kayaba huko Njoro au Molo anaweza kuongeza urefu, maana miiba ile haitaki mkono uikaribie. Kupogoa parachichi na kahawa ni kazi ya makasi na msumeno. Panga linaacha kidonda kilichochanika ambacho hakifungi vizuri. Na nyasi za uani ziachie slasha.

Kwenye miwa, kinachopimwa zaidi ni makali. Sukari nyingi ya muwa iko sehemu ya chini, kwa hiyo mkataji hukata usawa wa ardhi, na kila kisiki kirefu kinachobaki ni uzito ulioachwa shambani. Panga butu linapasua kisiki, na macho ya muwa yanayopaswa kuchipua zao linalofuata yanaumia. Wakulima wa Muhoroni na Mumias wanaolalamika kwamba chipukizi zinatoka chache wachunguze pia jinsi wakataji walivyokata. Udumavu wa miwa nao ni ugonjwa unaosafiri kwa panga kutoka shina hadi shina, na mara nyingi hauonyeshi dalili yoyote ila mavuno kupungua.

Kwenye migomba jambo ni zito zaidi. Mnyauko wa bakteria ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda 2001, na miaka michache baadaye ulikuwa umeshavuka hadi magharibi mwa Kenya. Hauna dawa. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Wadudu wanaueneza kupitia maua ya mgomba, lakini njia nyingine kubwa ni panga la mwenye shamba mwenyewe, anayekata majani ya mgomba mgonjwa kisha akaenda kwa mzima. Panga la kuazima ni hatari vivyo hivyo. Jirani akija kuliomba, mpe, ila likirudi lisiingie migombani kabla ya kusafishwa.

Kusafisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya kung'arisha nguo, kama Jik: kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji. Osha kwanza utomvu na udongo, kisha uchovye bapa humo kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Dawa hiyo inakula chuma, kwa hiyo ukimaliza kazi suuza, kausha, paka mafuta. Ya pili ni moto. Pitisha bapa juu ya ndimi mpaka lipate moto usioweza kugusika, na uishie hapo. Wapo wanaoliacha makaani mpaka liwe jekundu wakidhani ndiyo usafi. Bakteria watakufa, na ugumu wa chuma utakufa nao. Rangi ya bluu ikianza kutokea, umefika kama nyuzi 300 za Selsiasi, na umeshapita kiasi. Kile kitumba cha maua chini ya mkungu, wanakofuata wadudu, wala usikikate kwa panga: kivunje kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea.

Moto huo huo unaharibu mapanga kwenye mashine ya kunolea. Cheche zikiruka na makali yakigeuka bluu, sehemu hiyo imelainika, na itabidi uinoe mpaka ipite. Mapanga mengi huuzwa bila makali kabisa, yamepakwa vanishi. Libane panga vizuri, uondoe vanishi kwenye ukingo, kisha utumie tupa ukisukuma kuelekea mbele tu, mteremko wa nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Malizia kwa kinoo chenye maji. Karibu na mpini usihangaike kuweka makali makali. Hapo hakuna kinachokatwa, na ndipo kidole huteleza.

Ukifanya kazi na wenzako, achaneni mita tatu au zaidi. Vaa gambuti, na usijifunge kamba ya panga kwenye kifundo cha mkono: likiponyoka liende zake. Ukiwa safarini kwenye matatu au boda boda, lifunge kwa gunia au ala ya ngozi. Jeraha libanwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike, lioshwe kwa maji na sabuni, kisha uende zahanati hata kama ni dogo na uulizie chanjo ya pepopunda.

Jioni futa, kausha, paka mafuta kidogo. Oili chafu ya gari inazuia kutu, lakini kwa panga linalokata miwa na ndizi tumia mafuta ya kupikia. Litundike juu, mbali na watoto. Na bapa likilika mpaka libaki nusu ya upana wake, lihamishie kwenye palizi ya sukuma wiki na vitunguu, ambako ufupi na wembamba wake unakuwa faida.