Namna ya Kusoma Bei ya Pamba Duniani Kabla ya Msimu wa Ununuzi

Kiongozi wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, anayetaka kukisia bei elekezi ya msimu ujao aanzie kwenye bei ya pamba nyuzi (pamba iliyokwisha kutenganishwa na mbegu) ya soko la New York, ambayo hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili, kisha ailinganishe na ile ya Cotlook, kampuni ya Uingereza inayokokotoa wastani wa bei tano za chini zaidi za pamba inayofikishwa katika bandari za Asia ya Mashariki. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na biashara yetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi.

Bei hiyo haina budi kugeuzwa kwanza. Kilo moja ni sawa na ratili 2.2046, hivyo senti 70 kwa ratili ni takriban dola 1.54 kwa kilo ya nyuzi. Na kwa kuwa kilo tatu za pamba mbegu, yaani pamba kama anavyoiuza mkulima, hutoa nyuzi kilo moja au zaidi kidogo, ukigawanya kwa tatu unapata takriban senti 51 kwa kilo ya pamba mbegu. Hapo ongeza thamani ya mbegu zinazokamuliwa mafuta, toa usafiri, uchambuaji, tozo na faida ya mnunuzi, kisha zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo.

Baada ya bei, tazama akiba ya pamba duniani. Idara ya Kilimo ya Marekani hutoa makadirio kila mwezi, kwa msimu unaoanza tarehe 1 Agosti hadi 31 Julai, na linalofaa kupimwa ni uwiano wa akiba ya mwisho wa msimu na matumizi ya viwanda. Akiba ya China ihesabiwe peke yake. Kati ya 2011 na 2014 serikali yake ilinunua pamba ya wakulima wake kwa bei ya juu na kuirundika maghalani, ikawa dunia ina pamba nyingi ambayo haikuwa sokoni. Sera ilipobadilika mwaka 2014, bei ilishuka.

Bei ikipaa, usiishangilie upesi. Machi 2011 ilivuka dola 2 kwa ratili, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya dola 1, huku viwanda vya kusokota vikiwa vimekwisha kuongeza poliesta, nyuzi za viwandani, badala ya pamba.

Fuatilia pia anayeuza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwafanya Waingereza, waliokuwa wakinunua pamba ya Marekani, wageukie India na Misri. Katika msimu wa 2023/24 ni Brazil iliyoipita Marekani kwa mauzo ya nje. Mavuno ya Brazil huanza karibu Juni, ununuzi wetu ukiwa umefunguliwa, kwa hiyo taarifa za Mato Grosso, jimbo lake kuu la pamba, zisomwe kuanzia Machi na Aprili, kabla mnunuzi hajaja na bei yake mkononi.