Mpe ishara pamoja na neno

Kama una mtoto mdogo mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kusema, jaribu hili wakati wa kula: kila unapotamka neno, onyesha na ishara yake. "Maji", mkono ukipelekwa mdomoni kama ulioshika kikombe. "Ongeza", ncha za vidole vya mikono miwili zikigusana. Anza na maneno machache anayoyahitaji kila siku, na nyumba nzima iyaonyeshe kwa namna moja: baba, bibi, dada wa kazi.

Wengi wa watoto hawa huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka, kwa kuwa misuli ya mdomo na ulimi ni milegevu, na wanachokiona hukishika upesi kuliko wanachokisikia tu. Usihofu kwamba atakuwa mvivu wa kusema. Neno likishakaa vizuri mdomoni, ishara huiacha mwenyewe.

Kazi kubwa ni kusubiri. Ukishauliza "maji?", nyamaza, mtazame usoni, hesabu polepole moyoni hadi 10. Anahitaji muda wa kupanga jibu, na kaka na dada zake ndio wepesi wa kumjibia, kwa upendo kabisa. Waombe wamwachie zamu yake. Hata ishara ikitoka nusunusu, mpe maji palepale huku ukilitaja neno tena.

Na masikio yapimwe hospitali, hata kama anaonekana kusikia. Kwa watoto hawa majimaji hukusanyika kwa urahisi nyuma ya ngoma ya sikio, na sauti humfikia imefifia. Ukiambiwa masikio yapo sawa mwaka huu, mrudishe tena mwakani.