Kupiga picha kando ya Mto Pangani: Korogwe hadi Bweni, hatua kwa hatua

Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka hadi Korogwe na Hale, kisha huingia baharini Pangani. Kipande hiki cha chini ndicho ninachokirudia. Tenga siku nne. Ukienda kwa siku mbili utarudi na picha za barabara tu.

Hatua ya 1: Msimu. Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika njia za udongo zitakukwamisha.

Hatua ya 2: Begi. Lenzi mbili zinatosha: ya milimita 35 kwa mitaa, ya milimita 85 kwa nyuso. Beba betri tatu, memori kadi mbili, na foronya safi ya kufunikia kamera garini. Adui wa safari hii ni vumbi. Niliwahi kubadilisha lenzi kioo cha gari kikiwa wazi, na anga ya kila picha ya siku ile ikatoka na madoa. Simamisha gari, funga vioo, elekeza mdomo wa kamera chini, ndipo ubadilishe.

Hatua ya 3: Korogwe, macho kwanza. Siku ya kwanza zunguka soko la Manundu bila kamera. Kunywa chai, nunua machungwa, ujue nani anakaa wapi na jua linamfikia saa ngapi. Kesho yake salamu itakuwa rahisi: "Shikamoo mama, nimerudi. Naomba kupiga picha mikono yako ukimenya." Akikataa, shukuru na umuache, usimvizie kwa mbali. Madaraja, mitambo ya umeme ya Hale na vituo vya polisi usivielekezee kamera kabisa.

Hatua ya 4: Mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapona 62, ikapandwa karibu na Pangani. Leo mistari ya mkonge inakusindikiza pande zote za barabara. Omba ruhusa kwa msimamizi wa shamba, kisha nenda penye singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizoanikwa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Singa ni nyeupe mno, jua likipanda zinaungua kwenye picha. Punguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu. Sogea karibu hadi uone nyuzi zenyewe zikipepea, na kivuli cha aliyezianika kikipita nyuma yake.

Hatua ya 5: Kivuko. Hapa ndipo nakaa asubuhi mbili nzima. Mji wa Pangani uko kaskazini mwa mto, Bweni kusini, bahari mashariki. Kwa hiyo saa moja asubuhi wanaovuka kuja mjini wanaangazwa shavu la kulia, na maji nyuma yao yanang'aa. Ukiiachia kamera iamue, itayafuata maji na nyuso zitatoka nyeusi tii. Pima mwanga kwenye shavu lenye jua, ufunge kipimo hapo, ndipo upange picha. Anza na kasi ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400.

Usikimbilie mlango unapofunguka. Subiri baiskeli na pikipiki zishuke. Nyuma yao ndio wanakuja wenye matenga, wakiinua kanga wasilowe, kila mmoja akitafuta pa kukanyaga. Mguu ule uliosita juu ya tope ndio picha ninayoipenda kuliko zote za Pangani.

Jioni vuka, upande kilima cha Bweni. Jua linazama upande mto unakotokea, na giza la huku halichelewi. Uwe umesimama mahali pako saa kumi na mbili kamili.

Hatua ya 6: Rudisha picha. Ukifika nyumbani safisha nakala ndogo za watu uliowapiga. Kutuma kwa simu si sawa. Picha ya mkononi inabandikwa ukutani. Tia kila moja kwenye bahasha, andika nyuma "mama wa machungwa, soko la Manundu" au "kaka wa baiskeli nyekundu, Bweni", kisha mpe dereva wa basi azifikishe kwa mwenye mgahawa uliokunywa chai. Yeye atawajua.