Siku Moja Darasani: Kwa Mzazi Anayejitolea Chekechea

Mwalimu wa chekechea anapomkaribisha mzazi darasani, haombi mwalimu wa pili. Anaomba mikono ya ziada: ya kuosha brashi, kufunga kamba za viatu, kukaa na watoto wanne mezani wakati yeye anawashughulikia wengine. Anayekuja na mipango yake mwenyewe humwongezea kazi.

Zungumza naye siku chache kabla, si asubuhi mlangoni anapopokea watoto. Uliza ratiba, kazi utakayopewa, watoto wenye mzio wa vyakula na utaratibu wa chooni. Shule nyingi hazimruhusu mzazi anayejitolea kumpeleka mtoto chooni peke yake, na hata pale ambapo hakuna aliyekwambia lolote, usibaki na mtoto mlango ukiwa umefungwa. Kuhusu picha, chukulia kwamba ni marufuku mpaka uambiwe vinginevyo. Ukiwa unaharisha au kutapika, ahirisha hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome.

Vaa nguo ya kukalia sakafuni, ambayo hutaionea uchungu ikiingia rangi. Hereni ndefu ziache nyumbani, maana zitavutwa. Kikombe cha chai ya moto kisiingie darasani kabisa. Watoto wa umri huu hugeuka ghafla bila kutazama nani yuko nyuma yao.

Kazi ngumu kuliko zote ni mwanao mwenyewe. Mtoto ambaye kila siku ni mtulivu anaweza kukung'ang'ania, kulia au kumgomea mwalimu siku hiyo, kwa sababu ghafla anakugawana na darasa zima. Mwambie usiku uliotangulia: "Kesho nitakuja kwenu. Nitasaidia watoto wote, na mwalimu ndiye atakayetuongoza." Asubuhi mpe kazi ndogo, kama kugawa karatasi. Akimgomea mwalimu, nyamaza na umwachie mwalimu. Ukiingilia, mtoto anapata wakubwa wawili wa kuwachezea. Ukiondoka kabla ya muda wa kurudi nyumbani, muage waziwazi na mwambie utaondoka baada ya shughuli gani. Ukitoroka, atakaa akiangalia mlango siku nzima.

Ukipewa kusoma kitabu, kipitie kwanza. Watoto watano au sita wanatosha. Keti chini kama wao, ushike kitabu kando ya bega kurasa zikiwaelekea, usome kwa kutupia jicho pembeni. Dakika 10 ni nyingi kwao. Wakianza kujinyoosha na kusukumana, ruka kurasa umalize, hakuna atakayekudai.

Meza ya kazi za mikono ndiko mambo huharibika, na mara nyingi huharibika kabla watoto hawajaketi. Darasa likiwa na watoto 20, andaa vifaa vya 23, kwa kuwa kuna karatasi zitakazochanika. Andika jina la kila mtoto nyuma ya karatasi kabla hajaanza. Ikishalowa rangi huandiki tena. Rangi mimina kina cha sentimita moja tu kwenye chombo kipana chenye kitako kizito, kwa sababu kikombe kirefu kitapinduka. Gundi pia iweke kidogo kwenye kifuniko, pamoja na brashi. Mtoto akipewa chupa ataiminya mpaka karatasi ilowe, na kazi haitakauka kabla ya kwenda nyumbani.

Mikasi iwe ya ncha butu. Tazama kidole gumba: kikielekea chini, kiwiko hupanda na mkato huenda kombo. Mgeuze mkono taratibu gumba litazame juu, kisha mwonyeshe kwamba kinachozungushwa ni karatasi, si mkasi. Mtoto wa mkono wa kushoto akitumia mkasi wa kawaida, karatasi hujikunja katikati ya visu badala ya kukatika. Huo si uzembe wake. Muulize mwalimu kama upo mkasi wa mkono wa kushoto.

"Nichoree mbwa" utaisikia sana. Usichore. Ukimchorea mmoja, wenzake watapanga foleni, na huyo wa kwanza atauona wa kwake kuwa mbaya. Muulize: "Mbwa ana masikio ya namna gani? Tuanze na kichwa." Zipu ni vilevile: ingiza wewe pini chini, shikilia, yeye avute. Na kazi ikikamilika usiulize "hii ni nini?" Mtoto aliyekuwa na hakika kwamba amechora nyumba atavunjika moyo. Sema, "Niambie kuhusu hapa."

Wakigombea kitu, chuchumaa, kishike wewe, useme unachokiona: "Nyote mnalitaka gari hili." Mara nyingi wenyewe watapanga zamu. Kupigana au kung'atana ni kwa mwalimu.

Uwanjani, hesabu watoto mnapotoka na mnaporudi. Simama mahali unapoona pembe iliyojificha, na usianze maongezi na mzazi mwenzako, hata kama ni rafiki.

Aliyejikojolea, asiyejua kuhesabu, aliyelia asubuhi nzima: hayo yabaki darasani, yasifike kwenye kundi la wazazi. Mtoto akikwambia jambo linaloashiria kwamba anaumizwa, usimhoji. Mfikishie mwalimu siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale ya mtoto.

Wakati wa usafi anza na brashi, ndipo meza zifuate. Rangi ikikaukia kwenye shina la nywele, brashi imekwisha. Zioshe mpaka maji yatoke safi, zichonge ncha kwa vidole, uzilaze. Zikisimamishwa kwa nywele hupinda, na kesho mtoto ataulaumu mkono wake.