Fumua Msuko wa Riwaya Ujifunze Kusuka Wako

Ili uone msuko, yaani jinsi matukio ya hadithi yanavyosababishana, chagua riwaya uliyokwisha kuisoma, ya kurasa 200 hivi. Ukiisoma kwa mara ya kwanza, taharuki itakubeba usahau kalamu. Kila sura iandikie kadi moja: mhusika anataka nini, kizuizi chake, sura inaishaje, na kipi kimebadilika. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lenye faida kubwa. "Binti anagombana na babake" ni tukio tu. "Binti anagombana na babake, kwa hiyo anakosa pa kulala" ni msuko.

Zitandaze kadi sakafuni. Kati ya kila mbili weka "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" peke yake, mnyororo umelegea, hata kwa mwandishi mahiri. Kisha tia alama pale mgogoro unapoanza, mambo yanapogeuka, na kilele, pamoja na namba za kurasa. Kilele kikiangukia ukurasa wa 180 kati ya 200, hiyo ni asilimia 90.

Wengi huharibu hapa kwa kunakili matukio. Chukua kazi ya kadi, yaani kile tukio linachofanya katika hadithi, mathalani "siri inamfikia mtu asiyefaa", uipe wahusika wako. Fumua riwaya tatu kabla ya kupanga yako. Ukitegemea moja, utaiga tu.