Linda laini kwanza, kisha simu yenyewe

Watu wengi wakishaweka namba ya siri kwenye skrini ya simu huona wamemaliza kazi ya ulinzi, ilhali mwizi mzoefu hana haja ya kuifungua simu hiyo. Huchomoa laini, akaiingiza kwenye simu nyingine na kusubiri ujumbe mfupi wenye tarakimu za uthibitisho, kwa kuwa WhatsApp, barua pepe na huduma nyingi za kifedha hupeleka tarakimu hizo kwa yeyote aliyeishika laini.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye sehemu ya usalama, kisha uwashe ufungaji wa laini, ambao huipa laini namba yake ya siri, tofauti na ile ya skrini na ile ya M-Pesa. Kabla ya kuiwasha, itafute kadi ya plastiki iliyokuja na laini siku ulipoinunua, maana humo ndimo mara nyingi huandikwa namba ya kuanzia pamoja na PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Namba ya siri ikikosewa mara tatu, laini hujifunga na kudai PUK; PUK nayo ikikosewa mara kumi, laini hufa kabisa. Namba ya kuanzia ibadilishwe papo hapo, kwani tapeli huijaribu kabla ya nyingine zote. Kwa maoni yangu hakuna kinga inayopuuzwa kuliko hii, nayo huchukua dakika chache tu.

Hata hivyo, kinga hiyo haimzuii tapeli anayejifanya ni wewe na kuomba apewe laini mpya yenye namba yako. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu yako huku walio karibu nawe, wanaotumia kampuni hiyo hiyo, wakiendelea kuupata. Ukiona hivyo usingoje kesho: azima simu, wapigie huduma kwa wateja na uombe laini pamoja na akaunti ya fedha vifungwe mara moja. Tanzania, ambako usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, unaweza kupiga *106# ukazikagua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na namba za matapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Kwenye WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata aliyeipata laini akwame kwenye tarakimu sita unazozijua wewe peke yako.

Ndipo tuje kwenye simu yenyewe. Mwaka 2015 iligundulika kasoro ya Android iliyoitwa Stagefright, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuingia kwa kutuma ujumbe wa video tu, wakati mwingine bila mwenye simu kugusa chochote. Baada ya hapo Google ikaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Masasisho hayo ndiyo yanayoziba matundu, kwa hiyo yapakue hata kama yatakula bando, na unaponunua simu uliza itasasishwa hadi mwaka gani. Simu isiyosasishwa tena isitumike kwa miamala ya benki.

Usisakinishe programu iliyotumwa kwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, hasa zile za mikopo ya haraka. Programu ikiomba ruhusa ya ufikivu, iliyokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu, jiulize inaihitaji kwa kazi gani, kwa sababu aliyepewa ruhusa hiyo anaweza kusoma kila kilichomo kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Mwisho, piga *#06#, uiandike namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako, kwenye karatasi na kuiweka nyumbani pamoja na risiti ya simu, kwa kuwa polisi wataihitaji ukienda kutoa taarifa ya wizi.