Ukipanda Irente na moyo mzito

Wengi wanaopanda milima ya Usambara, kaskazini mashariki mwa Tanzania, ili kutuliza huzuni hukosea kwa kukimbilia kileleni. Kutoka Lushoto mjini hadi Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, ni kama kilomita 5 au 6. Ukizikimbia utafika unahema, na mawazo ni yaleyale. Panda kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, simama, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita, ndipo uendelee.

Mwanzoni kichwa hupiga kelele. Usibishane nacho, wala usiamue jambo lolote kubwa ukiwa mlimani. Taja kimoyomoyo unachokiona: mkaratusi, shamba la kabichi, mama na mzigo wa kuni.

Njaa nayo hujifanya huzuni. Hasira au machozi ya ghafla baada ya saa mbili za kupanda mara nyingi ni tumbo tupu. Beba maji lita 2, ndizi na karanga, na ule kabla njaa haijakushika (soda peke yake itakuacha njiani). Ukishakula na machozi bado yapo, basi kaa ulie, hakuna anayekufukuza.

Mwenye msiba mbichi asiende peke yake. Achukue mtu asiye na maneno mengi.

Anza kushuka saa tisa alasiri, giza na ukungu visikukute njiani. Piga hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, maana mteremko ndio unaoyaumiza. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni: chukua fimbo.